Mlango wa Mama Nyakim

Muhogo mkavu una harufu ya uchachu ambayo wageni huikunjia pua, na sisi watu wa Arua, Uganda, huifuata mpaka jikoni. Hadi leo nikipita sokoni hapa Juba nikaikuta juu ya magunia, sikumbuki chakula, nakumbuka ibada. Najua ni jambo la ajabu kusema. Acha basi nieleze, maana habari hii ni ya mama yangu, na mimi kumsifu mama yangu sichoki. Asiyependa kunisikia na aende akamsifu wake.

Tulikaa mtaa wa Hai Malakal hapa Juba, katika ua mmoja wenye milango ya bati iliyotazamana, yote imepakwa rangi ya buluu kwa sababu mwenye nyumba alipata rangi hiyo kwa bei rahisi. Mama alivuka kutoka Uganda mara tu bendera mpya ilipopandishwa, akisema nchi iliyozaliwa juzi haiwezi kukosa wanywa chai. Akafungua kibanda karibu na bandari ya mto, akawa anawauzia chai na chapati wapakiaji wa matishari yanayokwenda kaskazini. Mlango uliofuata wetu ulikuwa wa Mama Nyakim, mjane wa Kinuer aliyehamia hapo miezi michache kabla ya vita. Binti yake Nyakim alikuwa wa rika langu, tukisukana nywele na kugombana kila siku. Mkabala nasi alikaa Mama Achol, Mdinka, mke wa askari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa akituchapa sote bila kuuliza mtoto ni wa nani, na mama zetu walimshukuru kwa hilo.

Katika jumuiya yetu ndogo ya waumini, ambayo ilisali kwa Kiswahili kwa kuwa wengi tulitoka Uganda au tuliwahi kukimbilia huko, sikukuu aliyoipenda mama haikuwa Krismasi bali Epifania, Tokeo la Bwana. Krismasi, alisema, ni ya wenyeji, kwani wachungaji walikuwa watu wa palepale. Epifania ni yetu wageni. Mamajusi walitoka mbali, hawakuijua njia, nyota ikawaongoza hadi nyumbani kwa mtoto, na Mungu akajionyesha kwa watu wasio wa ukoo wake. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alimalizia, akijipiga kifua kana kwamba yeye ndiye majusi wa nne. Asubuhi chaki ilibarikiwa kanisani Kator. Mchana jumuiya ilipita mlango kwa mlango ikiimba, na juu ya kila mlango tuliandika tarakimu za mwaka na herufi za majina ya Mamajusi, na misalaba midogo katikati. Desturi yetu ilikuwa kuanza na nyumba yenye huzuni kuliko zote, kwa sababu tuliamini kwamba Bwana hutokea kwanza penye shida.

Kisha ikaja Desemba ya risasi. Bendera ilikuwa haijaanza hata kupauka, na watu walioishangilia pamoja wakawa wanaogopana. Tulilala sakafuni, mama akiwa upande wa mlango na mimi upande wa ukuta. Wenye bunduki walipita mitaani wakiuliza nyumba ipi ni ya Wanuer. Mizinga iliponyamaza, kaka yake Mama Nyakim, aliyekaa mtaa mwingine, hakuonekana, na hajaonekana mpaka leo. Waganda wengi walipanda mabasi wakarudi kwao. Mama alikataa. Alisema Nyakim na mdogo wake wakinywa chai yake kila asubuhi atajua wako hai, na akiondoka nani atawapelekea? Mama Nyakim alijifungia ndani. Mama alimpelekea chai, Mama Achol alimpelekea unga wa mtama, akibisha hodi kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Kambi ya walinda amani ilikuwa mbali, na njiani kulikuwa na vizuizi. Mama aliogopa jambo moja tu: kwamba rafiki yake atashikwa na hofu, atatoka peke yake na watoto, na hatafika.

Jumapili ya Epifania katekista wetu Simoni alikuja kutoka Kator na chaki iliyobarikiwa, kipande kidogo kuliko kidole. Alikuwa amekulia ukimbizini Uganda, mtu mpole, mwenye koti moja la ibada. Akasimama uani akiizungusha chaki mkononi, akamwita mama kwa jina langu.

“Mama Letaru, mwaka huu tuwache. Watu iko naogopa alama.”

“Sasa padri nabariki chaki ya nini?” mama akamjibu. “Ya kula?”

Simoni hakuwa mtu wa kushindana na mama, na kusema kweli sijamwona aliyewahi kushinda. Waumini walikuwa wachache, wakaimba kwa sauti ya chini. Nyumba yenye huzuni ilijulikana na kila mmoja, kwa hiyo walianza na mlango wa Mama Nyakim. Ulikuwa umefungwa. Mama alidhani amelala, akasema asiamshwe, baraka haihitaji mtu kuamka. Hapo mama alikosea, nasema wazi ingawa nampenda. Mama Nyakim alikuwa wa kanisa jingine, hajawahi kukaa nasi Januari hata moja, na hakuna aliyemweleza desturi ile. Simoni akaandika polepole, chaki ikikwaruza bati.

Mlango ukafunguka. Mama Nyakim akatazama maandishi meupe kichwani pa mlango wake, akatazama mlango wetu, wa Mama Achol, na mingine. Yote ilikuwa buluu tupu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alirudi ndani, akatoka na mtoto mgongoni, furushi la nguo kichwani, na mkono wa Nyakim mkononi. Mama akaanza kueleza habari za nyota na Mamajusi, maneno yakimgongana mdomoni. Mama Nyakim alimtazama kama mtu asiyemjua, na hilo ndilo lililomuumiza mama kuliko yote. Nyakim aligeuka akaniangalia.

Mama Achol ndiye aliyefika langoni kwanza. Akasimama katikati ya lango na ule urefu wake.

“Malesh, pole, Mama Nyakim, malesh. Hii si ya watu ya bunduki. Hii ya kanisa.” Kisha akamgeukia Simoni, na safari hii sauti yake ya zamani ikarudi. “Wewe, katekista! Andika ya mimi pia. Kubwa! Kubwa kuliko ya yeye!”

Simoni akaandika. Halafu wetu, halafu mwingine, na wanawake wa ua wa jirani waliokuja kuchungulia wakasema na kwao pia. Walielewa upesi kuliko sisi watoto: ikiwa milango yote ina alama, hakuna mlango wenye alama. Hata familia ya Kiislamu ya muuza sukari ikaomba. Lakini chaki ile iliisha. Mama akaingia jikoni akatoka na kipande cha muhogo mkavu, mweupe pe, akampa Simoni.

“Mama Letaru, padri nabariki chaki. Hakubariki muhogo.”

“Yesu nalazwa kwenye chakula ya ng'ombe,” mama akasema. “Ataogopa muhogo?”

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza uani petu tangu Desemba, na Simoni akaufanyia muhogo ishara ya msalaba. Uliandika vizuri kuliko chaki. Mtaa wote ukanukia uchachu. Mama Nyakim bado alikuwa amesimama na furushi lake kichwani, akihesabu milango kwa macho. Tulipokusanyika mbele ya kwake kusali, Simoni hakuhubiri maneno mengi. Alisema Herode naye alitaka kujua nyumba ni ipi. Mamajusi waliijua, wakanyamaza, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Mama Nyakim akalitua furushi chini, akalikalia, akaimba nasi wimbo asioujua.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, wanaume wawili wenye bunduki waliingia uani wakimuuliza kwa jina. Mama Achol alikuwa akipepeta mtama. Hakuinuka. Aliwajibu kwa lugha yake, kisha akarudia kwa Kiarabu cha Juba ili sote tusikie: hapa ni nyumba moja. Wakaangalia mlango baada ya mlango, tarakimu zilezile, herufi zilezile, wakaangaliana, wakaondoka. Mama alipika chai yenye sukari nyingi kupita kiasi.

Leo mimi ni mwalimu papa hapa Juba. Kanisani kuna vipaza sauti, na nyota ya Epifania inawaka kwa umeme. Sikatai, inapendeza. Ila siku hizi tunaabudu pamoja, kisha kila mtu anarudi nyuma ya ukuta wake na geti lake, na jina la jirani hatulijui. Mama amerudi Arua, Mama Achol tulimzika, Mungu amrehemu. Mama Nyakim yuko mbali, nchi ya baridi, na kila Januari hupiga simu aniulize kama kwake kumeandikwa. Kumeandikwa. Naenda Hai Malakal na kipande changu cha muhogo, na ninaanza na mlango ule. Mwaka huu mpangaji mpya, kijana mwenye haraka zake, alitoka akaniuliza ni nani anatafutwa hapa.

“Hakuna,” nikamwambia, nikaendelea na mlango wa pili.