Dishi Linaloona Mpaka Faza

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Shule niliishia darasa la saba, na kwenye kamati ya intaneti ya kijiji niliwekwa kwa sababu ilitakiwa awemo mwanamke, nami siku hiyo nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Lakini wenzangu huisimulia kwa chumvi nyingi, wengine wakimcheka Bi jirani yangu, wengine wakimcheka fundi wa mtandao, na mimi naona wote wawili walikuwa na haki yao.

Hapa Chundwa mtandao tulikuwa tukiutafuta kwa miguu. Mtu akitaka kutuma picha alipanda ukuta wa kisima, akainua simu kama anayeomba mvua. Kamati ikaamua tujiwekee intaneti yetu wenyewe: dishi moja Faza, mji wa jirani, lingine kwetu, halafu tugawane nyumba kwa nyumba. Fundi akaletwa, mtu wa bara, mpole. Alizunguka kijiji siku nzima akiitazama minazi kwa uchungu, maana ilimziba kila upande. Mwisho akasema paa linalofaa ni moja tu, la Bi jirani yangu, kwa kuwa nyumba yake ni ghorofa. Likikosekana hilo, vifaa vinapelekwa kijiji kingine.

Nami mkutanoni nilikuwa nimeshasema, tena kwa sauti, "Paa niachieni mimi."

Bi ni mzaliwa wa Amu mjini, aliolewa huku zamani, sasa ni mjane. Jioni hupanda juu ya paa lake, akavua mtandio, akafumua nywele, akazitia mafuta na kupunga upepo. Ni mahali pekee anapokaa kichwa wazi bila kuchunguliwa na mtu. Fundi hakuyajua haya, na si haki kumlaumu. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Tulimkuta Bi mlangoni. Fundi aliamkia vizuri, Bi akaitikia vizuri. Mambo yaliharibika kwenye neno moja.

"Mama, madishi haya mawili lazima yaonane," fundi akasema. "Kutoka hapo juu, dishi linaona mpaka Faza."

Bi akanitazama mimi. "Lina mato?" Kwao Amu, macho ni mato.

"Si macho, Bi, ni..." Nikamgeukia fundi, kwa sababu hata mimi sikujua ni nini.

"Ni namna ya kusema tu, mama. Haliwezi kukuona."

"Faza laiona, na mimi niliyo kando yake halinioni?"

"Linaangalia kule."

"Na likigeuka?"

"Haligeuki, mama. Tunalikaza na nati."

"Marehemu mume wangu alikazwa na kadhi mzima," akasema Bi, "na shingo ikigeuka."

Nikaona niokoe jahazi. Nikasema tulivishe dishi kitambaa, nalo liwe na stara. Nadhani Bi wazo alilipenda. Ningeishia hapo. Lakini nikamuuliza fundi, mbele yake, kama kitambaa hakitaharibu kazi.

"Wala!" fundi akajibu kwa furaha. "Linapenya kitambaa kama hakuna kitu!"

Bi akalishika buibui lake kwa mikono miwili. "Laona ndani ya nguo?"

Mlango ukafungwa. Haukubamizwa, niseme kweli. Ulifungwa taratibu, na hiyo ikanitia hofu zaidi.

Nilitaka kujiuzulu, ila sikujua mtu hujiuzulu kwa nani. Asubuhi nikarudi peke yangu, nikamuuliza Bi nini kitamridhisha. Akasema, "Nioneshwe. Kile lionacho, nikione na mimi."

Basi fundi akalisimamisha dishi uani, akaliunga na kompyuta yake. Bi akasimama mbele ya dishi na buibui lake kamili, huku akiikodolea kompyuta. Kulikuwa na namba na vistari, basi. Akapunga mkono. Namba. Akatoa ulimi, nilimwona. Namba moja ikapungua kidogo, nami nikaona ni uungwana kusema, "Bi, hii imepungua." Fundi alinitolea macho ambayo sijayasahau, akaeleza kuwa ule ni upepo.

Bi akainama karibu na kioo. "Hiki ndicho lionacho? Kutwa, kucha?"

"Hicho tu, mama."

"Basi ni kipofu, maskini. Kipofu namruhusu apande. Wewe fundi una mato, utabaki chini."

Kwa hiyo nikapanda mimi. Fundi alisimama barabarani akipaza sauti, "Kushoto! Kushoto kidogo!"

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa dishi!"

"Mato halina," Bi akauliza nyuma yangu, "mkono wa kushoto linao?"

Nililizungusha hivyo hivyo mpaka fundi akaruka na kusema, "Yameonana!" halafu akaziba mdomo.

Jioni ile ile binti yake Bi akapiga simu ya picha kutoka Mombasa. Bi alikuwa juu, nywele zimefumuliwa, mafuta tayari kichwani. Mimi ndiye niliyemwonesha pa kubonyeza. Nilimwambia, "Hapa utamwona mwanao." Kwamba naye ataonekana, hilo sikulisema, nilidhani alijua.

Sauti ya kiume ikatoka: "Masalkheri, mama!"

Alikuwa mkwewe. Bi akaitia simu chini, akaikalia.

"Mama?" mkwe akaendelea kutoka chini yake. "Huko umeme umekatika?"

Nikabaki nasubiri amri ya kulishusha dishi, na moyoni nishaanza kutafuta maneno ya kuiambia kamati. Bi alilitazama lile dishi, halafu akanitazama mimi.

"Hili liache," akasema. "Ila huyo mume wa mwanangu hakupiga hodi."

Mkwe, nilipomfikishia, alijitetea kwamba simu ililia, na kulia ndiyo hodi. Bi asema hodi hujibiwa karibu, na yeye karibu hakusema. Nimewaza sana na sijui nani ana haki. Siku hizi simu ikilia Bi huifunika kwa kanga kabla ya kuipokea, akajitanda mwenyewe bila haraka, ndipo akaifunua. Binti asema ile kanga ameizoea, maua yake anayajua yote, hata lile lililochomwa na pasi.