Barua ya Wake Saba wa Majengo

Mimi nilikuwa mtoro wa chuo cha Kurani, nikiri mapema. Wenzangu wakisoma alifu na bee kwa mwalimu, mimi niko machinjioni namsaidia Baba kuchuna ngozi. Dada yangu hakutoroka hata siku moja. Shule ya misheni wazee walitukataza, wakiogopa tutabatizwa, kwa hiyo mtaa wetu wote wa Majengo pale mjini Meru tuliandika kwa herufi za Kiarabu tu, na hakuna aliyekuwa na mwandiko mzuri kama wa dada.

Baba zetu walikuwa watu wa kuja. Huyu alifika na msafara kutoka pwani, yule katoka Ukambani, mwingine babu yake alikuwa askari wa Sudani. Mama zetu wengi walikuwa Wameru waliosilimu wakaolewa. Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ilipotuingia, amri ikatoka kwamba kila Mmeru asiye na pasi ya kukaa mjini arudishwe rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa Wameru, akaishi kwenye vile vijiji vipya vilivyozungushiwa handaki. Wanawake saba wa Majengo wakahesabiwa, na mama yangu alikuwa mmoja wao. Lori lingekuja Jumamosi.

Wazee walisema tusubiri, mgeni hapandishi sauti. Dada, miaka kumi na tisa tu, akachemka. "Mgeni gani huyo mwenye makaburi hapa?" aliwauliza.

Akatukusanya vijana tisa nyuma ya bucha, akatugawia nyumba. Angeiandikia serikali barua ya kuthibitisha kwamba wale saba ni wake halali wa watu wa mji, ili wapewe pasi. Tukaulize nani kaolewa na nani, wana watoto wangapi, nani alishuhudia nikahi. Hata wasichana waliokuwa hawatoki nje aliwatoa, wakazunguka mlango kwa mlango! Mimi nilibeba kikombe cha masizi yaliyokorogwa na mafuta, na kila mwenye nyumba akatia dole gumba. Barua ikajaa kurasa tatu, nasi tukajiona wanasheria.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Majengo hatukulitaja. Baba alipomwoa Mama, dada alikuja akiwa mgongoni. Baba yake mzazi alikuwa Mmeru, marehemu. Kwetu alikuwa binti wa Baba, basi. Kwa serikali alikuwa Mmeru asiye na pasi, tena hakuwa mke wa mtu, kwa hiyo jina lake lisingeingia kwenye barua ya wake. Homugadi, wale walinzi wenyeji wa serikali, walipohesabu watu hawakumwona. Ndiyo maana tukapanga wavulana wanne tuipeleke bomani, yeye abaki ndani.

Ijumaa asubuhi karani wa boma, kijana wa misheni, aliigeuza barua juu chini, chini juu. "Hii ni nini nyinyi? Kuku wamepita?"

Lo! Vijana tisa, na hakuna aliyefikiri kwamba bomani hawasomi maandishi yetu. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa serikali, akatoka akasema, haya, someni, saa sita nafunga ofisi. Wenzangu, watoro kama mimi, wakanisukuma mbele. Mstari wa kwanza nilibahatisha. Wa pili nikakwama kabisa.

Wazee wasingekuja bomani, kwa hiyo nikakimbia nyumbani, nikamkuta dada anafua. Nilimweleza huku natazama beseni.

"We mtoro," akasema, "mwalimu alikuchapa kidogo sana." Akajifuta mikono, akajitanda leso. Mama alimshika akimsihi asitoke. Akajinasua polepole, tukaenda.

Aliisoma barua ile wima mbele ya askari wenye bunduki. Kila mke alimtaja na mumewe, watoto wao na mashahidi wa nikahi, na karani akiandika mbiombio. Haki ya Mungu, sijasikia tena mtu akisoma vile. Nilijivuna mpaka nikasahau hofu. Bwana Shauri alitia sahihi pasi saba, kisha akamtazama dada.

"Na wewe ni mke wa nani?"

"Si mke wa mtu, Bwana. Mimi ndiye mwandishi."

"Baba yako?"

Akamtaja yule marehemu, jina lake la Kimeru. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakudanganya. Alisema wangegundua uongo mmoja, wangezitilia shaka ndoa zote saba.

Jumamosi lori lilikuja kumchukua mtu mmoja. Mama alitoka mbio na pasi yake mpya, akaishika kwa mikono miwili aichane, apande naye. Dada akainama kutoka juu ya lori, akamshika viganja.

"Mama, ukiichana nitakuwa nimesoma bure."

Mama akaikunja ile pasi, akaitia kifuani, akarudi ndani kuwapikia wadogo zetu.