Fundi Aliyekataa Kuidanganya Droni

Habari ya kifo cha fundi wetu wa redio ilinikuta kwa kinyozi, ndevu za shavu la kulia zimekwisha na za kushoto bado. Kipaza sauti cha msikiti kilianza kutangaza, na sauti ikatoka safi, bila ule mkwaruzo tuliouzoea miaka nenda miaka rudi, nami nikajisemea kwamba hatimaye yule mzee kakitengeneza. Kisha likatajwa jina, na jina lilikuwa lake. Kinyozi alizima mashine, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema mikono yake haimtii na hawezi kunigusa na wembe katika hali ile. Hivyo nilikwenda kuzika nikiwa na ndevu nusu uso, na wale wasomaji wangu wa Bagamoyo mlioniona makaburini mkadhani ndio mtindo mpya wa watu wa magazeti, sasa mmepata maelezo. Marehemu angecheka sana. Au pengine asingecheka, maana miezi mitano ya mwisho tulikuwa hatusemezani, na kosa lilikuwa langu.

Kwa wasiomjua, huyu alikuwa na kibanda chake katika moja ya vichochoro vya mji mkongwe, na kwa muda mrefu hakuna redio, televisheni wala amplifaya ya maulidi iliyougua mjini hapa isipite mikononi mwake. Alikuwa mbishi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na aliamini kwamba kila kitu kilichoundwa na binadamu kinaweza kufunguliwa na binadamu mwingine. Watu walipoanza kutupa redio badala ya kuzipeleka kwa fundi, wenzake wengi walifunga milango. Yeye alinunua droni. Si zile zinazotoka dukani zimekamilika, ambazo alizidharau na kuziita wali wa kupakuliwa, bali vipande vyake: mbavu za plastiki ngumu, mota nne, mapanga yake ya kuzunguka kama ya feni, rimoti, na kile kibao kidogo cha umeme ambacho ndicho ubongo wa droni, kinachoisawazisha hewani. Alishapita sitini. Vibali alivihangaikia mpaka akavipata, akavitia kwenye mfuko wa nailoni na kuvitundika ukutani palipokuwa na leseni ya biashara. Mkewe aliwaambia majirani kwamba ni heri hivyo kuliko mke wa pili, ingawa kwa kelele hakuna tofauti.

Kazi ile aliifanya kwa taratibu zake mwenyewe. Ili rimoti na droni zisikilizane, lazima kwanza zitambulishwe: unabonyeza kitufe kidogo kwenye kipokeo cha droni, taa inapepesa, unawasha rimoti, taa inatulia, na tangu hapo droni ile haimsikilizi mwingine. Fundi aliita hiyo kuoza, yaani kufungisha ndoa, na alikataa kuoza bila mashahidi wawili. Mimi nimekuwa shahidi mara nne, mara moja nikiwa na muuza kahawa aliyekuwa anapita tu na birika lake. Baada ya hapo alivua mapanga yote, maana hakuruhusu droni iwashwe ndani ikiwa na mapanga, akawasha mota, kisha akazima rimoti ghafla kuona kama mota nazo zitasimama. Zikisimama, alinigeukia. "Umeona? Mkubwa akinyamaza, naye kanyamaza," alisema. "Nyie watu wa magazeti hamjatiwa kitu hiki. Hata rimoti ikizimwa, mnaendelea kuropoka." Nilicheka nikadhani ni utani.

Sasa nije kwenye kisa kilichotugombanisha. Fundi alikuwa na mazoea ambayo wateja wake wa zamani wanayakumbuka: kifaa chochote alichokiwasha kwa mara ya kwanza alikielekeza kibla, akapiga bismillahi, ndipo akatia umeme. Redio hailalamiki ikielekezwa kibla. Friji hailalamiki. Lakini kile kibao cha droni kimechorwa mshale, na mshale ule unatakiwa utazame mbele, iliko pua ya droni, kwa sababu ndivyo ubongo unavyojua mbele ni wapi. Meza ya fundi ilitazama dirisha la upande wa bahari, kwa hiyo pua ya droni ilitazama mashariki. Kibla kwetu iko kaskazini. Akakiweka kibao mshale ukitazama kibla, akapiga bismillahi, na kwa furaha ya kuona taa inawaka akakibandika papo hapo kwa gundi ya pande mbili. Mbele ya ubongo ikawa ubavuni pa mwili.

Tuliipeleka Mlingotini, kijiji cha jirani, ambako timu mbili zilikuwa zinacheza fainali ya mtaa na fundi alikuwa ameahidi kuzipiga picha kutoka juu. Kiwanja kizima kiligeuka kumtazama. Droni iliinuka kiasi cha magoti, ikaona imeinama kidogo kwenda mbele, ikajirekebisha kwa upande ambao haukuwa mbele, ikazidi kuinama, ikazidi kujirekebisha, ikapinduka na kujiburuza kwa kichwa mpaka kwenye beseni la mama mmoja wa vitumbua. Yule mama hakuinuka kwenye kigoda chake. Aliitazama ikihangaika, akamtazama fundi. "Mwambie apange foleni," alisema. Fundi alibadilisha mapanga akajaribu tena, ikapinduka tena. Mara ya tatu wachezaji walianza mechi bila kumsubiri, na njia nzima ya kurudi alizilaani mota, akamlaani aliyeziuza, akataja na jini mmoja wa ufukweni ambaye alidai wanafahamiana.

Aliyeuona ule mshale ni mimi, siku ya pili, na sikuwa na adabu ya kuficha furaha yangu. Nikamweleza kwamba dawa ni rahisi: hana haja ya kubandua chochote, aunganishe kibao na kompyuta, kuna mahali pa kuandika kwamba kimegeuzwa nyuzi tisini, basi. Fundi alivua miwani. "Yaani mshale unatazama huku, halafu mimi nikiambie kibao kwamba unatazama kule?" aliuliza. Nikasema ndiyo, kila mtu anafanya hivyo. "Bwana wee, mimi kitu sikidanganyi," alisema. "Kikikosea nitakikosoa. Lakini nikishakifundisha uongo, kesho kikiniongopea nitamlaumu nani?" Akachukua kisu, akakibandua kibao kwa nusu saa nzima, akakigeuza. Jioni ile droni ilipaa juu ya mapaa ya mji mkongwe imetulia kabisa, na nilimwona mtu mzima akiruka ruka kwenye mchanga na kanzu yake kaishika mkononi.

Nami nikatamani ya kwangu. Nikanunua vipande, nikampelekea, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu mwili niliouchagua ulikuwa mwembamba mno. Kibao kilikuwa hakiingii ila kwa ubavu. Ukikielekeza mbele, tundu la waya linazibwa. Fundi akasema nitafute mwili mwingine. Nikasema aandike tisini. Akasema haandiki. Tulibishana wiki mbili, mbele ya wateja, mpaka nikatoka pale nimekasirika kwa namna ambayo mtu wa makamo hapaswi kukasirika kwa ajili ya mdoli. Kisha nikafanya linalofanywa na watu wa kazi yangu wakishindwa hoja. Nikaja kuandika hapa.

Wengi mtaikumbuka safu ile, maana mliniletea salamu za pongezi. Niliandika kwamba katika mji mmoja wa pwani yuko fundi ambaye droni zake hazipai mpaka zielekezwe kibla, na zikishapaa huenda kusujudu kwenye vitumbua. Jina sikutaja. Sisi waandishi wa safu tunajivunia sana jambo hilo, tunasema hatumtaji mtu, kana kwamba Bagamoyo ina mafundi wa droni hamsini na msomaji atababaika asijue ni yupi. Kumtaja mtu kwa jina kungekuwa na uungwana zaidi, kwa sababu angalau angeweza kunijibu. Nilimwacha bila jina, na mji mzima ukamjazia. Barazani wakamuuliza kibla ya leo iko wapi. Sokoni wakamwonyesha vitumbua. Mtu aliyewatengenezea redio zao na kipaza sauti cha msikiti wao kwa miaka yote ile akawa kichekesho kwa sababu ya jioni moja, na kwa sababu ya kalamu ya rafiki yake. Nilisikia kwamba ameacha kukaa barazani baada ya alasiri. Nyumba yake ni dakika saba kwa mguu kutoka kwangu. Nilijiambia nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo nikajiambia hivyo hivyo, nikitafuta namna ya kuomba radhi ambayo ingenifanya nionekane mtu mwenye ucheshi.

Sasa turudi makaburini, na zile ndevu zangu. Mnajua desturi yetu: kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa jamaa husimama akasema kwamba ndugu yetu aliishi nasi, na palipo na watu hapakosi maneno, basi kama alimkosea mtu yeyote hapa, tunamwombea radhi, mmemsamehe? Na sote tukajibu tumemsamehe. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wengine. Halafu nikasimama pale nikisubiri swali la pili, lile la kumuuliza marehemu kama naye ametusamehe, na bila shaka halikuja, kwa kuwa hakuna wa kulijibu. Desturi imemfikiria aliyekufa ikamsitiri. Mimi niliyebaki hai na kosa langu ilinidhania nina akili ya kwenda kuomba radhi mapema.

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha, dada yake mkubwa aliniita ukumbini. Ni bibi mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mwalimu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa gazetini?"

Nikasema ni mimi.

"Na hizo ndevu ni za nini?"

Nikamweleza habari ya kinyozi. Hakutabasamu. Aliingia ndani akatoka na boksi langu, rimoti na droni vimefungwa kwenye kitambaa safi. "Mzigo wako. Ulikwisha tangu kabla ya mfungo," alisema. "Siku ya kuoza aliniita mimi na mkewe tuje tushuhudie. Nikamwambia, wanawake wawili hatutoshi kwa nikahi. Akasema, kwa huyu mnatosha."

Nikamuuliza kwa nini marehemu hakuniletea, au hakunitumia hata ujumbe. Alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Akuletee yeye? Aliyekosa nani?" alisema. "Alikungoja. Kila Ijumaa akirudi kutoka msikitini aliuliza, huyu mdaku hajapita? Namwambia hajapita. Basi anavua kofia anakwenda kula."

Nilichukua boksi langu nikaondoka bila kuaga vizuri, na hilo nalo naomba radhi, Bibi, kama gazeti hili linakufikia.

Sikuirusha siku ile wala iliyofuata. Nilipoiwasha hatimaye, niliona kwenye kioo cha rimoti, mahali pa kuandika jina la chombo, ameandika MDAKU kwa herufi kubwa. Nilikwenda kwenye kiwanja kile kile cha Mlingotini asubuhi, hakuna mtu ila yule mama wa vitumbua aliyekuwa anawasha mkaa, naye aliponiona na droni alisogeza beseni. Nikasukuma kijiti cha rimoti. Iliinuka, ikasimama hewani imenyooka, haikuyumba. Niliitazama kwa mashaka, kwa sababu nilikwisha kuchungulia tumboni mwake na kukiona kibao: kilikuwa kimelala kwa ubavu, mshale ukitazama kushoto. Mwili ulikuwa ule ule mwembamba. Kwa namna ile ilipaswa kuwa imeshapinduka.

Niliporudi nyumbani niliiunganisha na kompyuta, nikafungua ukurasa ule tuliogombania. Kila kitu alikiacha kama alivyopenda yeye: rimoti ikizimwa, mota zisimame; taa ikiwa haijatulia, droni isiwake kabisa. Na kwenye kile kisanduku alichoapa kwamba hataandika kitu, palikuwa na tisini. Mtu ambaye hakukubali kukidanganya kifaa chake mwenyewe, akaona heri nusu saa ya kisu, alikidanganya changu, wakati mji ukimcheka kwa sababu yangu. Nililia mbele ya kompyuta, nalisema bila haya, maana safu hii imezoea kusema ya wengine.

Funzo, basi, kwa kuwa mmezoea nifunge na funzo. Kama kuna mtu umemkosea na nyumba yake unaifahamu, usitafute maneno mazuri wala ucheshi. Nenda umesimama kama mjinga, upige hodi, useme nimekuja kuchukua mzigo wangu. Huenda ulikwisha kitambo, na mwenyewe amemaliza kukusamehe, kilichobaki ni wewe kupita siku ya Ijumaa.