Kipande cha Kumi na Nne

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, miaka ya sabini ikiwa bado michanga, nilipopatana na mtu kazi ya vipande kumi na vitatu nami nikamrudishia kumi na vinne. Katika maisha yangu yote ya biashara, hiyo ndiyo mara ya pekee niliyompa mtu zaidi ya tulivyoelewana. Ningekuwa bahili siku hiyo kama nilivyokuwa siku nyingine zote, mzee mmoja wa mji huu angeishi miaka yake ya mwisho na faraja aliyokuwa amejiwekea.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi mtaa wa Chechelesi, nauza vipuri vya magari kutoka ndani ya sanduku kwa sababu duka sikuwa nalo. Isiolo ilinijua kwa mambo mawili. Kwanza, katika kupatana bei sikushindwa hata na wauza ng'ombe. Pili, kila kitu nilihesabu mara mbili. Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba hata kanisani, wenzangu wakifumba macho kuomba, mimi nahesabu madirisha. Yalikuwa sita. Nilirudia, yakawa sita.

Aliyeniita asubuhi hiyo alikuwa Mzee Jama, mtoto wa askari wa zamani wa mkoloni, msafirishaji. Alikuwa na pikapu ya miaka ya hamsini, rangi ya maziwa, ambayo kwa miaka mingi ilipeleka sukari, unga na majani ya chai Garba Tulla na Merti na kurudi na ngozi. Mkewe, Mama Asha, ndiye aliyekuwa akikaa kando yake safari zote, kwa maana biashara ile ilikuwa ya wawili. Mama Asha alifariki mwaka uliotangulia kwa ugonjwa wa kifua. Tangu siku ya mazishi, gari lilisimama nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani ya sanduku lake la nyuma.

Sasa binti yao wa pekee, Asha, alikuwa ameposwa na kijana wa Nanyuki, na alikuwa amesema jambo moja tu kuhusu harusi yake: hatatoka nyumbani kwa baba yake ndani ya gari lingine, ila lile alilopanda mama yake. Injini Mzee Jama aliweza kuifufua mwenyewe. Aliniita kwa sababu ya kromu.

Wewe hukuyaona magari ya wakati ule. Mapambo yake yalikuwa chuma cha kweli, kilichochovywa kromu mpaka unajiona meno. Lakini vumbi na chumvi ya barabara zile vilikuwa vimeila. Tulizunguka gari pamoja, yeye akigusa, mimi nikihesabu kwa sauti: bampa ya mbele na ya nyuma, grili, pete mbili za taa, vifuniko vinne vya magurudumu, vioo viwili vya pembeni, nembo ya boneti, kishikio cha mlango wa dereva. Kumi na tatu. Tulipofika upande wa abiria, nikaweka mkono kwenye kishikio cha mlango ule.

"Hiyo iache, kijana," alisema.

Nilikitazama. Ndicho kilichoharibika kuliko vyote. Kromu ilikuwa imeliwa kabisa mpaka shaba ya njano inaonekana, sehemu nne zilizofuatana, na katikati ya moja kulikuwa na mstari mwembamba kama uliochongwa kwa msumari. Nikamwambia kingeliaibisha gari zima. Akarudia, bila kupandisha sauti, kwamba hiyo niiache, kisha akauliza kama nataka chai.

Mwanangu, hebu nielewe nilivyokuwa. Mtu aliyelelewa sokoni husikia bei ndani ya kila neno. Ukisema mbuzi huyu ni mzuri, mimi nasikia uko tayari kuongeza. Ukisema amekonda, nasikia unataka nipunguze. Basi mzee aliposema iache, mimi nilisikia mtu anayepunguza gharama na kuona haya kulitamka. Sikumuuliza. Tulikunywa vikombe vitatu vya chai tukipatana, na kwa kweli alinishinda, nami nikampenda kwa hilo. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeshaamua moyoni. Ingekuwa harusi ya binti asiye na mama. Hata mchuuzi anayekuuzia nyanya hukutilia moja ya nyongeza mkimaliza kupatana. Kile kishikio kingekuwa nyongeza yangu.

Nilifungua vipande kwa siku mbili. Bolti zilizoganda nilizilowesha kwa mafuta ya taa. Kila bolti niliifunga kwenye kitambaa pamoja na nati yake na kuandika kwa kalamu ya risasi ilikotoka, kwa sababu kufungua kila mtu anaweza, kazi iko katika kurudisha. Mzee alikuwa amekwenda Meru kununua vitu vya harusi. Kishikio cha abiria nilikifungua yeye akiwa huko. Nikaona kwamba hata kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu: springi yake ndogo ilikatika zamani, na mlango ulikuwa ukijifungia kwa kujisikia tu. Nilikuwa na springi kama hiyo sandukuni. Nikaiweka, nikatia grisi, nikaufunga mlango. Ukajibu kwa mlio mmoja safi. Hilo nalo nikaliingiza katika nyongeza.

Vipande niliviviringisha kwa magunia na majani makavu, nikavipeleka Nairobi juu ya lori la ng'ombe, nikivihesabu Nanyuki na kuvihesabu tena Thika, ng'ombe wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili.

Fundi wa kuchovya kromu alikuwa mzee mfupi aliyevaa glavu za mpira hadi viwikoni. Alinieleza kazi yake: kwanza kromu ya zamani huvuliwa kwenye asidi, kisha chuma husuguliwa kwa gurudumu la kitambaa mpaka kiwe laini kama kioo, halafu kinachovywa shaba, nikeli, na mwisho kromu. Alipokea kipande kimoja kimoja bila neno. Alipofika kwenye kile kishikio, akavua glavu. Akaweka vidole vyake vinne pale palipoliwa, vikaingia.

"Mtu ameshika hapa miaka mingi," akasema. "Mwenyewe amekubali tusugue?"

Nikasema amekubali.

Mwanangu, niliusema uongo ule kwa urahisi, kwa sababu sikuuona kuwa uongo. Niliuona kama kukata maneno. Fundi yule alikuwa amenifungulia mlango wa kurudi nyuma, akanisubiri kidogo, nami nikamwambia aendelee. Akavaa glavu.

Nilirudi Isiolo baada ya wiki moja na nusu. Kurudisha vipande kulinichukua siku tatu. Nilikata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu, nikaviweka chini ya bampa ili chuma kisilie kwa chuma. Nilikaza bolti kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo, grili isije ikapinda. Nilipomaliza, hakukuwa na bolti iliyobaki wala iliyopungua, na kwa kijana kama mimi hapakuwa na furaha kubwa kuliko hiyo. Nikaoga, nikavaa shati safi, nikamwita mwenye gari.

Alikuja pamoja na Asha. Tulisalimiana, akaanza kuzunguka gari taratibu, mikono nyuma kama afisa anayekagua gwaride. Kwenye bampa ya mbele aliinama, akajiona, akasema mtu huyu mbona amezeeka hivi, gari limebaki kijana. Asha akacheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu msiba. Mimi nilisimama nyuma yao nikingojea wafike upande wa pili, kama mtoto aliyeficha zawadi.

Asha ndiye aliyetangulia kufika. Alinyoosha mkono kwenye mlango wa abiria kwa haraka, kama mtu anayemkimbilia anayemjua, na mkono ukasimama hewani. Akamtazama baba yake. Mzee akaja, akaweka vidole vyake pale. Vikateleza. Akaviweka tena, pole pole, akitafuta. Palikuwa laini kabisa. Nilikuwa nimelipia ulaini ule kwa fedha zangu mwenyewe.

"Tulihesabu ngapi?" akaniuliza.

"Kumi na tatu, mzee."

"Na hii?"

"Ni nyongeza. Zawadi ya harusi."

Alitikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu. Kisha akaufungua mlango na kuufunga, na ukalia ule mlio mmoja. Akageuka haraka. Akauliza kitasa kimefanywa nini. Nikamwambia springi ilikuwa imekatika, nimeweka nyingine.

"Imekuchukua muda gani?"

Nikasema nusu saa. Nilisema kwa majivuno kidogo, Mungu anisamehe.

Mzee Jama aliketi juu ya jiwe lililokuwa limezuia gurudumu. Aliposema, hakuwa akisema nami hasa. Alisema kitasa kile kiliharibika Asha akiwa ndiyo kwanza anaanza shule. Barabara ya Merti ilivyo, mlango ulifunguka wenyewe kila penye mashimo. Mkewe akawa anatoa mkono dirishani, anakishika kishikio kwa nje na kuuvuta mlango ndani, kutoka Isiolo hadi wafike, na kutoka huko hadi warudi. Kila safari mumewe alimwambia nikirudi nitakitengeneza. Akirudi palikuwa na mzigo mwingine. Miaka kumi na moja. Vidole vinne vile vilikuwa vyake, na ule mstari mwembamba ulikuwa wa pete yake.

"Nusu saa," akasema.

Asha alikuwa amegeukia ukutani. Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwa wameshapanga, yeye na baba yake, kwamba siku ya kutoka nyumbani atatoa mkono dirishani na kuuweka pale mama yake alipouweka, njia nzima hadi Nanyuki. Ndiyo sababu alilitaka gari lile. Ile kromu nyingine yote ilikuwa ya kuwafurahisha wageni.

Nilianza kusema maneno mengi. Nikasema naweza kuchukua msasa sasa hivi nikaitoa kromu, nikarudisha ile njano ilivyokuwa, hata siku hiyo hiyo. Mzee akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ukiikwaruza, kijana, itakuwa mkono wako."

Alinilipa yote tuliyopatana, hakupunguza. Nilimsihi apunguze. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nimemsihi mtu anilipe kidogo, naye akakataa, akasema kazi ni nzuri. Na ilikuwa nzuri. Siku ya harusi gari lilipita barabara kuu likimetameta, watoto wakilikimbilia, watu wakisema nani ametengeneza hili. Nilisimama mlangoni mwa hoteli. Asha alipita upande wa abiria, kioo kimefungwa, mikono yote miwili mapajani.

Mzee Jama hakunichukia, na hapo ndipo penye uzito. Kwa miaka zaidi ya kumi tulikutana sokoni, mlangoni mwa msikiti yeye akitoka kuswali, kwenye vilio vya watu, naye alinipa mkono kila mara na kuniuliza habari za nyumbani. Mara moja tu sikujizuia, nikamwambia lile jambo bado linanisumbua. Akaniambia lisinisumbue, kwamba mimi nilikosea siku moja tu, lakini yeye... Hakumaliza sentensi. Alifariki katikati ya miaka ya themanini. Nilichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo wake, nikachimba mpaka nikaambiwa niache.

Mwaka uliofuata nilimkuta Asha huko Burat, amekuja kuangalia shamba la baba yake, sasa mama wa watoto wanne. Nilimwomba msamaha ambao sikuwahi kumwomba akiwa bibi harusi. Kisha akaniambia kwamba baba yake, mpaka mwisho, alikuwa akienda nyuma ya nyumba jioni kukaa kwenye kiti cha abiria, si cha dereva. Anaufungua mlango na kuufunga, anaufungua na kuufunga, anasikiliza. "Alisema unafunga vizuri sana," akaniambia.

Basi, mwanangu, mimi nimehesabu mambo mengi, na haya ndiyo ninayokuachia. Ukipewa kitu cha mtu mkononi, uliza kwanza kabla hujakifanya kizuri. Uzuri unaouona wewe huenda yeye hauhitaji, na kile unachokiona kimeharibika huenda ndicho pekee alichobaki nacho. Mtu akikuambia acha, acha, hata kama hajakupa sababu. Sababu nyingine hazisemeki mbele ya mtu aliyekuja kupatana bei. Na mtu akikupa nafasi ya kurudi nyuma, kama yule fundi aliyevua glavu, usiharakishe ulimi wako.

Halafu kuna lile la Mzee Jama, ambalo si langu lakini nimelibeba kwa niaba yake. Nyumbani kwako kuna kitu kibovu ambacho mtu wako amekizoea kwa sababu ya kukuvumilia. Unakijua. Umeshasema utakitengeneza. Usimalize kusoma maneno yangu ukaenda kulala. Inuka ukakitazame wakati yeye bado yupo, akikusikia ukigonga gonga na kukuuliza unafanya nini.

Mwenyezi Mungu akujalie kazi isiyokuletea fedheha, akupe sikio la kusikia hata yale usiyoambiwa waziwazi, na uwapendao awabakishe nawe mpaka uwe umewatendea yote uliyowaahidi. Amina.