Mpaka Ulioshuka Wenyewe

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, ile Jumapili ardhi ilipotikisika nikiwa msichana kule kwetu Akheri. Tulikuwa tumetoka ibadani, mama anapakua ndizi, mara vyombo vikaanza kugongana na kuku wakatimka. Ikaisha kabla hatujajua tukimbilie wapi. Baba akazikagua kuta, akaona ni nzima, akarudi kula. Baba yangu alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata mchungaji akikohoa katikati ya mahubiri. Siku ile, alipokuwa na sababu ya kushuku, hakushuku chochote. Na usicheke, mimi nimemrithi.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya mteremko. Juu yake palikuwa na migomba na mibuni, kisha mstari wa masale, ile mimea yetu ya kuonyesha mpaka. Juu ya mpaka lilianza shamba la jirani yetu, Baba Anaeli. Wiki chache baada ya tetemeko, nilimkuta mbuzi wetu amezungusha kamba yake kwenye shina la isale, na kabla ya hapo kamba ile haikuwahi kufika mpakani. Baba akaenda kukagua kigingi cha mbuzi, akakikuta palepale nyuma ya jiko. Basi akakata shauri kwamba kilichosogea ni mpaka, na aliyeusogeza ni Baba Anaeli.

Kisha maji ya mfereji wetu wa kumwagilia yakaanza kuja haba, na mfereji ulipita kwa Baba Anaeli kwanza.

"Amemaliza ardhi, sasa amehamia kwenye maji," baba akasema, na tangu siku hiyo akaacha kuitikia salamu ya jirani yake.

Mimi akanituma kwenye mibuni, nijifanye napalilia huku namchunguza. Nikamwona Baba Anaeli akipanda juu kila asubuhi, anainama, anapapasa udongo, anatikisa kichwa. Nikarudi mbio kusema kuna kitu anakificha. Wala sikuona aibu. Ukishamshuku mtu, hata akiinama kufunga kamba za viatu unaona anachimba mpaka.

Jumamosi moja Baba Anaeli akaja kwetu amebeba jani la isale. Wewe umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze: kwetu jani hilo ni la kuombea msamaha, na mtu akikuletea humfukuzi. Hata awe amekukosea vibaya kiasi gani, utamsikiliza. Baba akamnong'oneza mama, "Umeona? Amekiri mwenyewe."

"Shikamoo, baba," nikamsalimu mgeni, shingo upande.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia baba, akamwita kwa jina langu. "Baba Naomi, sikuja kuomba msamaha. Sijakukosea. Nimeleta hili kwa sababu bila hili hungenisikiliza. Vaa viatu tupande."

Baba alinuna, lakini jani lilikuwa limeshafika mkononi. Tukapanda wote, hata mama na mdogo wangu mgongoni. Kwenye mpaka, Baba Anaeli akatuonyesha mashina ya masale. Nyasi zilikuwa zimemea zimeyabana, hakuna udongo uliochimbwa karibuni. Mibuni ya upande wake na ya upande wetu yote ilikuwa imelala kidogo, ikielekea kwetu. Tukaendelea hadi karibu na mfereji, akafunua majani makavu ya mgomba. Chini yake palikuwa na ufa mrefu, unaukata mteremko kutoka upande huu hadi ule, na maji ya mfereji yalikuwa yakiingia humo kimya kimya.

"Tetemeko limeupasua mteremko," akasema, "na sisi tunaunywesha. Mvua kubwa ikija, udongo huu wote utakuja kulala jikoni kwako. Hamieni kwangu huku juu ya ufa. Mfereji nitauziba leo."

Unadhani baba alishukuru? Alimtazama kwa jicho la pembeni, akamwambia mama, "Anataka tutoke ili abaki na shamba lote."

Mama akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Basi baki ulilinde. Mimi na watoto tunahamia kwake."

Tulihama mchana uleule na ng'ombe wetu. Baba alikuja nyuma kabisa, ameshika panga, akigeuka kila mara kuangalia kama kuna mtu anaingia shambani.

Mvua ilipokuja ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai kwa Baba Anaeli, tukasikia mngurumo chini yetu, na ng'ombe wakalia. Tulipotoka, migomba ilikuwa inatembea ikiwa imesimama, masale nayo yamo. Kisha nyumba yetu haikuonekana tena. Mama aliketi chini kwenye matope akamkumbatia mtoto. Baba aliweka panga chini, akamwendea Baba Anaeli na kumsalimu kwa mikono miwili. Nililia sana siku ile.

Sasa nikuambie kilichonileta. Wiki iliyopita ardhi ilipotikisika, ulinipigia simu unacheka, ukasema ulidhani ni lori la kokoto. Nimeiona nyumba yako hapa juu ya Sekei. Umeuchimba mteremko upate uwanja, nyuma ya nyumba umesimama ukuta wa udongo mtupu. Mlango wa stoo haufungiki tena. Fundi anasema mbao zimevimba. Namshuku fundi, nazishuku na mbao, lakini huo mteremko ndio ninaoushuku zaidi.

Sikia, mwanangu. Tetemeko likipita, usikague kuta tu. Panda juu, utafute nyufa, uangalie miti iliyoinama, mlango uliogoma, maji yaliyopotea au yaliyotokea pasipokuwa pake. Maji yazuie yasiingie kwenye ufa. Usichimbe mteremko miguuni, maana hapo ndipo mteremko wenyewe unaposimama. Ukiona dalili, watoe watu kabla ya mvua, nyumba utaijenga tena. Na kabla hujamshuku jirani, ishuku ardhi kwanza.

Mungu akutunze wewe na hao wajukuu wangu, akupe macho ya kuona mapema na miguu myepesi ya kuondoka. Haya, shika. Ni jani la isale, nimelikata Akheri asubuhi. Umeshalipokea, huwezi kunikatalia. Vaa viatu tupande.