Nimefumaniwa na kiroba cha mtama wa jirani

Leo nimeonekana mwizi mchana kweupe, na nina furaha ajabu!

Nipo nyumbani, Nzuguni, hapa Dodoma. Saa nane mchana likaja wingu jeusi na upepo wake. Jirani yangu Mama Zuhura alikuwa ametoka, na mtama wake umeanikwa uani juu ya turubai.

Moyoni nikasikia, "Kauanue."

Nikabisha. "Bwana Yesu, huyu hatujasalimiana tangu kuku wake walipomaliza mchicha wangu!"

Lakini niliahidi kwenye maombi kwamba nikisukumwa kutenda wema, natenda kwanza, ubishi baadaye. Nikapenya kwenye michongoma. Gauni charrr! Sikujali.

Nikazoa mtama wote nikautia kwenye kiroba. Nageuka nimekikumbatia, Mama Zuhura huyu hapa, ananitazama.

Na mvua? Jamani, si mnaijua Dodoma! Wingu limeshapita, jua linawaka.

"Mama Neema, mtama wangu unaupeleka wapi?"

Nikanyoosha kidole juu. Anga jeupe peee.

Akatazama anga, akatazama gauni langu lililochanika. Akacheka mpaka akakaa chini!

Tukauanika upya, sisi wawili, tumechuchumaa kwenye turubai moja tukipiga stori za mwaka mzima.

Ingenyesha, angesema asante na mimi ningerudi kwangu. Haikunyesha, nimekula kwake!

Haya, wewe leo umesukumwa kumfanyia nani wema ukasita? Niambie hapa.

Au usiniambie. Nenda tu. Ila gauni liangalie.