Miche Inayokataa Kushika

Juzi nilikuwa kwenye duka la mbegu hapa Kitale, nyuma ya mama mmoja aliyevaa fulana ya siku ya kupanda miti, imeandikwa mgongoni TULINDE MBUGA YETU. Kumbe alipewa kipande pembeni mwa mbuga ya Mlima Elgon, mahali palipokatwa miti. Masharti ni mepesi: anapanda miche ya serikali, katikati analima mahindi yake, na miti ikikua anahama.

"Miche inaendelea aje?" mwenye duka akamuuliza.

"Imekataa kushika tena."

"Shida ni nini?"

Mama aliangalia mlangoni, akabana hewa kwa vidole viwili kama anashika mche, akavuta juu kidogo, kama mtu anayejaribu jino lililolegea. "Bwana msitu akiuliza, nasema ni mchwa."

"Si nikuuzie dawa ya mchwa, mama?"

"Na mchwa wakiisha nitasema nini? Wajukuu wanakula hiyo mahindi, bana. Shamba ingine sina."

"Kwani hutaki miti ya mbuga irudi?"

"Nataka sana! Hata mvua imepotea. Lakini irudi pole pole."

Akalipia mbegu ya mahindi, akaenda zake.

Ukimuuliza kama anaipenda mbuga atasema ndiyo, na si uongo. Lakini ukimwambia kwamba siku miti itakaposimama ndiyo siku atakayolala njaa, usimtafute mchwa mbali. Mimi nimechoka kuona fulana mpya kila mwaka. Mpeni mahali pa kuhamia, halafu muone kama hiyo miche haitashika.